Mshika Usinga Hana Mchumba

Soko la Ifakara wakati wa mavuno lilinuka, tusidanganyane. Wasimuliaji wengine wa mapenzi hupenda kuanza na harufu ya asumini. Hapa hapakuwa na ua hata moja. Palikuwa na kambale waliobanikwa nusunusu, ndizi za Sanje zilizoivia ndani ya matenga mpaka zikatoa maji, mabonge meusi ya mpira wa porini, na jasho la watu waliotoka Kiberege kwa miguu. Akida wa Wajerumani alipita katikati, kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, akitema mate popote alipopenda, na watu waliyakwepa mate yake huku wakimwinamia. Ulikuwa mwaka wa Maji Maji, ila vita vyenyewe vilikuwa bado havijafika bondeni.

Katika vurugu hiyo alisimama binti mrefu, kaniki mpya imefungwa kwapani, shanga nyekundu shingoni na msalaba mdogo wa shaba katikati yake. Mikono kiunoni, anatukanwa.

"Samaki wa huyu wameoza!" alipiga kelele mama mmoja mnene. "Kuna watoto wamelala wanatapika huko kwa sababu ya samaki wake!"

"Koma, mama! Hawa nimewabanika kwa mikono yangu."

Watu wakajaa. Watu hujaa upesi mahali mwenzao anapochafuliwa. Wachache huja kuuliza, wengi huja kula kwa macho. Kijana mmoja aliyekuwa ananunua chumvi akageuka.

"Shikamoo, mama," alisema taratibu. "Hao watoto wanaotapika, umeona au umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Kicheko kikapasuka, kwa sababu kila mtu alijua kwamba mama huyo naye aliuza samaki, tena wake walikuwa hawanunuliwi. Akajikusanyia aibu yake akaondoka. Binti hakushukuru. Alimtazama kijana kuanzia merikani yake iliyofuliwa vizuri hadi miguu yake yenye tope la mto.

"Na wewe, nani kakuita?"

"Hakuna. Nimezoea kuuliza. Mimi ndiye mshika usinga."

"Ahaa! Bwana Usinga mwenyewe. Nilidhani ni mzee mwenye mvi."

"Mvi zitakuja. Wewe ukinitazama hivyo, zitakuja leo leo."

Akacheka, ingawa alikuwa ameapa kutocheka. Jina lake Klementina, wa Minepa, ng'ambo ya mto. Alibatizwa na mapadri yeye na kaka yake walipokuwa wanakaa Mahenge kwa mjomba wao, kabla mjomba hajarudi nao Minepa. Kijana aliitwa Mkangawalo.

Kazi yake Mkangawalo aliirithi kwa mzazi wake. Watu wa pale walipokuwa na jambo zito walikaa barazani, na hakuna aliyefungua kinywa kabla hajapewa usinga, mkia wa nyati wenye mpini wa mpingo. Mshika usinga ndiye aliyeugawa: huyu aseme, kisha yule. Yeye mwenyewe hakuwa na neno lake. Hakusifu, hakukemea, hakutikisa kichwa. Alikuwa na swali moja tu, nalo alimuuliza kila msemaji, awe jumbe awe mlevi: umeona au umesikia? Aliyesema ameona, ilimpasa aseme alisimama wapi. Aliyesema amesikia hakudharauliwa, lakini watu walijua uzito wa neno lake. Baba yake Mkangawalo kabla hajafa alimwachia wosia mfupi: mshika usinga hana ndugu, hana adui, na akiwa barazani hana mchumba.

Ni kazi ndogo. Nawajua watu waliopewa kazi ndogo kuliko hiyo wakaifanya jalala.

Basi mapenzi yakaanza, na mto ukawa kati yao. Siku ambazo Klementina hakuvuka kuja sokoni, walitumiana salamu kwa wapiga makasia, waliokuwa wakipokezana maneno kwa kelele kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Siku moja Mkangawalo aliona mamba wengi wamejilaza kivukoni akapaza sauti: "Mwambieni Klementina asivuke, kuna mamba!" Neno likapita mitumbwi, likamezwa na upepo, likatapikwa upande wa pili: Mkangawalo kaumwa na mamba. Klementina alivuka hajajifunga hata kitambaa cha kichwa, analia, ana majani ya dawa mkononi. Akamkuta mtu wake amekaa juu ya gogo, anatafuna muwa.

"Mguu uko wapi?" alifoka.

"Mguu gani?"

"Ulioliwa!"

Mkangawalo akaitazama miguu yake yote miwili. "Mpenzi wangu, umeona au umesikia?"

Alimtupia yale majani usoni, akampiga ngumi ya kifua, kisha akaegemea kifua hicho hicho. Wapiga makasia wakashangilia. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Jioni ile Minepa nzima ilikuwa inajua.

"Utakuja lini nyumbani?" aliuliza Klementina.

"Mpunga ukiingia ghalani. Nitaanza kwa mjomba wako?"

"Kwa kaka. Tangu baba afe, posa yangu anapokea Melkiori. Akikukataa, hata mjomba hawezi kitu."

Melkiori alikuwa kijana wa moto. Alikuwa amepigwa viboko kwenye shamba la pamba la akida, mgongo wake ukabaki na makovu ambayo hakuyaficha. Mwezi ule alitoka safari ya mashariki akiwa na kibuyu kidogo shingoni, kando ya msalaba wake. Alikunywa maji ya vita, alisema. Mwenye kuyanywa risasi ya Mjerumani humgeukia maji. Vijana wa pande zote mbili za mto wakaanza kumfuata kila anakokwenda. Wazee wakaitisha baraza, mbali na masikio ya akida, kwenye uwazi nyuma ya mashamba ya miwa, waamue kama wataingia vitani au watakaa.

Siku moja kabla ya baraza Klementina alivuka. Alikuwa amejipaka mafuta ya nyonyo, amejifunga kaniki ile mpya. Mwanamke hajipambi hivyo bure.

"Kesho kaka atasema," alianza. "Naomba usimuulize."

Mkangawalo alidhani anataniwa. "Kila mtu huulizwa."

"Ukimuuliza atasema amesikia, maana ndivyo ilivyo. Watacheka. Unamjua, hasahau aibu. Utakuja kuleta posa kwa mtu uliyemchekesha mbele ya Minepa na Ifakara?"

"Klementina, kila mtu huulizwa."

"Na mimi ni kila mtu?"

Hapo ndipo alipopaswa kucheka, ambusu mkono, aseme hapana. Hakusema ndiyo wala hapana. Wanaume wa namna hiyo wananiudhi kuliko waongo, kwa sababu mwongo angalau anajua amechagua nini.

Baraza likajaa tangu asubuhi. Wa kwanza kupewa usinga alikuwa Mzee Libenanga, mjomba wao Klementina na Melkiori, mzee mkavu mwenye kikohozi.

"Msiende," alisema. "Nimekula chumvi nyingi kuliko nyinyi, na nimezika watu wengi kuliko nyinyi. Bunduki za hawa watu hazina mzaha. Akida ni mwizi, nimemwambia usoni kwamba ni mwizi, lakini kwa bunduki zile hatuna dawa."

"Mzee," aliuliza Mkangawalo, "umeona au umesikia?"

"Nimeona. Vita vya Uhehe nilikuwa mpagazi wa Wajerumani. Nilisimama kilimani na mzigo wangu kichwani, nikaona ukuta wa mawe ukibomoka kama ugali wa jana. Watu waliokuwa nyuma yake sikuwaona tena."

Vijana wakamzomea. Mmoja alisema mzee ananuka woga. Mwingine akatoa shuzi la mdomo, na watu wazima wenye akili zao wakacheka. Mkangawalo akauchukua usinga, akampa Melkiori.

Melkiori hakuwa anaongea, alikuwa anawaka. Alifunua mgongo wake, watu wakaugulia. Alitaja pamba, viboko, wake za watu walioitwa kwa akida na hawakurudi walivyokwenda. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna aliyehitaji kumuuliza. Kisha akainua kibuyu. "Kule mashariki watu wamepigwa risasi wakaanguka, wakainuka, wakapangusa maji kifuani! Risasi ni maji! Maji!"

"Maji!" wakaitikia.

Halafu watu wote walimtazama Mkangawalo, kwa sababu walijua kinachofuata. Hata Melkiori alimtazama. Mkangawalo akageuza macho upande wa wanawake. Klementina alitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Mkangawalo akanyoosha mkono, akapokea usinga, akampa msemaji mwingine.

Hakuuliza.

Mzee Libenanga aliyeona alikuwa ameulizwa. Melkiori aliyesikia akaachwa. Watu wakaelewa hivyo hivyo: neno la mzee lina mashaka, neno la kijana halina. Waliofuata hawakuulizwa tena, na hawakungoja hata usinga. Kila mtu alisema alichopenda, na mwenye sauti kubwa ndiye aliyekuwa na hekima. Wakaamua kuingia vitani, wakapiga makofi. Nyie, makofi yale! Hakuna sauti inayonitia kichefuchefu kama makofi ya watu wanaoshangilia jambo ambalo hawajaliuliza.

Vita vikaja bondeni. Akida akatoroka Ifakara amevaa kaniki ya mke wake, amejitanda hadi puani, na siku kadhaa baadaye ghala lake la pamba likachomwa. Melkiori alikwenda na wenzake kulivamia boma la Mahenge. Walipanda ule mteremko kwa safu wakiimba, na juu kulikuwa na bunduki inayomimina risasi bila kupumua. Mpaka adhuhuri mteremko ulikuwa hauna mtu wa kuimba.

Aliyerudi kuwaeleza alikuwa jirani yao Barnaba, mkono mmoja umeoza kwa jeraha, inzi wamemwandama.

"Nimeona," alisema kabla hawajamuuliza. "Nilikuwa ubavuni kwake. Risasi ya kwanza ilipompata alijipangusa kifuani, akatazama kiganja chake. Alikuwa anatafuta maji."

Klementina hakulia. Alikwenda mtoni akaosha mikono, akarudi, akaenda tena akaiosha. Siku nyingi hakuweza kula. Kila alipokumbuka kile kichwa chake kilivyotikisika alijionea kinyaa mpaka akatapika.

Mkangawalo alivuka kuja kutoa pole. Alimkuta uani, amekonda, anaparua magamba ya samaki.

"Usikae," alisema Klementina. "Sema umalize."

"Klementina, roho yangu..."

"Usiniite hivyo. Kwa nini hukumuuliza?"

"Wewe uliniomba."

Akaacha kuparua. "Niliomba, ndiyo. Mimi ni mwanamke niliyempenda kaka yangu na nikakupenda wewe, niliomba ujinga. Lakini usinga alikuwa nao nani? Nilikuwa nao mimi?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Ulifanya kwa ajili ya posa! Ulitaka shemeji akuchekee. Ukakinunua kicheko chake, haya, nenda kakitafute kilipo. Nikikutazama, Mkangawalo, naona ule mkono unavyonyooka kupokea usinga. Nasikia kichefuchefu. Nikijitazama mimi, ni hivyo hivyo. Watu wawili wanaonuka namna hii hawawezi kulala nyumba moja. Nenda."

Akaenda. Alivuka mto, na wapiga makasia, waliozoea kumtania, wakatazama maji.

Baada ya vita ikaja njaa, na kabla njaa haijaisha akaja Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma la Kilosa, na askari, kutafuta wa kunyonga. Alikuwa ametoka kuchoma mashamba ya mpunga bonde zima, akakaa juu ya kiti cha kukunja, akasema sasa anataka haki. Akida alirudi naye, kanzu mpya. Mtu wa kwanza aliyetajwa na akida kuwa alichoma ghala alikuwa Mzee Libenanga. Mzee yule yule aliyesema msiende! Lakini ndiye aliyewahi kumwita mwizi usoni, na akida hakuwa amesahau. Kamba ilikuwa imeshafungwa kwenye tawi la mkuyu.

Watu walikataa kusema. Mkalimani akamweleza Bwana Mkubwa kwamba hapa hawasemi bila usinga. "Basi mleteni huyo mtu na mkia wake," akaamuru, "na upande wa mzee uanze."

Mkangawalo akaja. Alikuwa amezeeka, ijapokuwa mvi hazikuwapo. Akasimama na usinga, akatafuta nani anamtetea mzee, na aliyesogea mbele alikuwa Klementina.

Alikuwa hajamsogelea hivyo tangu siku ile ya uani. Kaniki yake ilikuwa imepauka, shanga hazipo. Aliziuza kwa mtama. Akapokea usinga bila kugusa vidole vyake.

"Mjomba wangu hakuchoma ghala," alisema kwa sauti ya kusikika. "Siku ile alikuwa ndani kitandani, mgonjwa, hawezi hata kukaa."

Mkangawalo alijua kwamba hakuwa ameyaona. Siku ile Klementina alikuwa mtoni anabanika samaki. Yeye mwenyewe alimwona kutoka ng'ambo, akampungia mkono. Akinyamaza sasa, neno la Klementina litapita, mzee ataokoka, pengine na yeye atasamehewa. Nimeshamsema sana mtu huyu, basi na hili niliseme: hakugeuza macho.

"Klementina," aliuliza, "umeona au umesikia?"

Watu wakaguna. Mama mmoja akamtukana waziwazi. Klementina alimkodolea macho. Neno moja tu lilitakiwa. Akamtazama mjomba wake aliyefungwa mikono, akatazama ile kamba.

"Nimesikia," alisema. "Kwa mama yangu. Mimi nilikuwa mtoni."

Mzee Libenanga akafumba macho. Akida akacheka kwa sauti, akatema mate, akanyoosha mkono, akapewa usinga. "Mmemsikia! Sasa nisikilizeni mimi. Huyu mzee ndiye aliyetia moto."

"Akida, umeona au umesikia?"

"Nini?"

"Umeona au umesikia?"

"Mimi mtu wa serikali! Mimi siulizwi na mchunga nzi!"

"Basi hujasema," alijibu Mkangawalo, akauchukua usinga wake kutoka mkononi mwa akida, taratibu kabisa, mbele ya askari.

Bwana Mkubwa akauliza kuna nini. Mkalimani akamweleza: kuna swali, yule mwanamke ameulizwa akajibu neno la kumuumiza mwenyewe, na akida hataki kujibu. Bwana Mkubwa akaitoa sigara mdomoni. "Ajibu."

"Nimeona!" akapayuka akida. "Kwa macho yangu!"

"Ulisimama wapi?"

"Mlangoni! Mlangoni pa ghala! Moto ulinichoma kanzu!"

Hakuna aliyecheka, lakini kila jicho lilimwona tena amejitanda kaniki hadi puani. Na Bwana Mkubwa naye alikuwa na kumbukumbu yake. Siku zile ghala linaungua, akida alikuwa Kilosa bomani, miguu imevimba, anakunywa uji jikoni kwake. Uso ukamwiva. Msidhani ni haki iliyomchoma. Kilichomchoma ni kufanywa mjinga hadharani. Akasema mzee afunguliwe.

Kuhusu akida, msikilize, mtapike na mimi: alihamishiwa pwani, kwenye kituo kikubwa zaidi. Kuhusu Mkangawalo, alilazwa kifudifudi akachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, kwa kumdharau mtu wa serikali. Wale waliomtukana asubuhi walisimama wakatazama.

Kesho yake Klementina alifika kwake na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Hakubisha hodi. Akapiga magoti, akaanza kumsafisha mgongo uliopasuka, na harufu ya damu iliyolala ilikuwa kali, lakini hakugeuza uso.

"Uliniuliza mbele ya watu," alisema.

"Nilikuuliza."

"Mjomba angenyongwa."

"Najua. Ungenichukia mpaka kufa."

"Ungeniacha niseme uongo, ningekutapika mpaka kufa. Bora chuki." Akakamua kitambaa. "Tulia. Mwanaume mzima unajikunja kama kambale!"

"Kambale wa kwako wameoza?"

"Nyamaza, wewe." Lakini alikuwa anacheka, na machozi yanamdondokea mtu mgongoni, na yanachoma kuliko chumvi.

"Nataka kuleta posa, Klementina."

Mkono ukasimama. "Kwa nani? Mwenye kuipokea yuko Mahenge, ndani ya shimo."

"Basi nitampelekea Mahenge."

Mgongo wake ulipofunga, wakapanda pamoja njia ya milima. Mkangawalo alibeba jembe jipya begani, jembe la posa, kama walivyofanya watu wa kwao waliposema wamekuja kuomba mke. Chini ya boma, ule mteremko ulikuwa umeota majani marefu, na ndani ya majani palikuwa na matuta mapana, mengi, yasiyo na msalaba wala jiwe. Mbwa walikuwa wamefukua pembeni. Klementina alitembea huku na huku, akarudi.

"Sijui yupo lipi."

Mkangawalo akalaza jembe chini, mahali alipofika, akachuchumaa.

"Melkiori, shemeji yangu," alisema. "Nilikunyamazia. Ningekuuliza ungenichukia, ungenifukuza na jembe langu, na ungekuwa hai. Nimekuja kuomba dada yako. Sina zaidi."

Klementina akamlilia kaka yake kwa mara ya kwanza tangu Barnaba alete habari, kilio kibaya cha makamasi na kukwama pumzi, na Mkangawalo hakuthubutu kumgusa. Alipomaliza akajipangusa kwa pindo la kaniki, akainama, akaliokota jembe.

"Unalichukua?" aliuliza Mkangawalo.

"Upande wa baba hakuna mwanaume mwingine wa kulipokea kwa niaba yake. Nalipokea mimi."

Akakaza kaniki kiunoni, akalipiga jembe kwenye majani ya tuta la kwanza, akang'oa, akasogea mbele. Lake halijulikani, basi yatapaliliwa yote. Matuta yalikuwa mengi, na jua lilikuwa bado halijapanda sana. Baadaye akageuka, jasho limemjaa usoni, akamwona bado amechuchumaa pale pale.

"Mume wangu," alisema, "unatazama nini? Ng'oa huko, mimi nalima huku."